Mtoto si mzigo wa kufichwa, na amri ya mahakama si barua ya adui

Kila ikikaribia likizo ndefu ya skuli za Uingereza, ndege za kwenda Dar es Salaam, Zanzibar, Mombasa na Maskati hujaa watoto wetu. Hilo ni jambo la kheri. Mtoto aliyezaliwa London au Coventry anahitaji kumjua bibi yake, kula chakula cha kwao na kusikia lugha ya wazee wake ikisemwa barabarani, si ndani ya nyumba tu. Lakini wapo watoto ambao Septemba ikifika hawarudi. Mzazi mmoja yuko huku anapiga simu isiyopokewa. Mzazi wa pili yuko nyumbani, keshamwandikisha mtoto skuli nyengine, na ukoo mzima umeambiwa maneno mamoja tu: mtoto amerudi kwao.

Wapo pia wasiopanda ndege. Mahakama imetoa amri kuwa mtoto awe na baba yake kila baada ya wiki mbili, kuanzia Ijumaa jioni mpaka Jumapili. Baba anafika mlangoni, anaambiwa mtoto anaumwa. Safari ya pili anaambiwa mtoto kaenda kwa khaloo yake. Safari ya tatu hapana anayefungua mlango. Na kwa upande wa pili wapo akina baba wanaomchukua mtoto Ijumaa na kukataa kumrudisha Jumapili, wakamwambia mama: nenda kashtaki unakotaka.

Tumekuwa tukiyasikia haya kwa muda mrefu, yakisemwa kwa kunong'ona arusini na misibani. Leo tunataka tuyaseme kwa sauti, kwa sababu wanaoumia ni watoto wetu, na kwa sababu jamii yetu, huku ughaibuni na huko nyumbani, imekuwa ikishiriki katika jambo hili zaidi kuliko inavyokubali.

Tuanze na amri yenyewe. Tunaposema sheria ya Uingereza hapa tunakusudia England na Wales, maana Scotland na Ireland ya Kaskazini zina sheria zao. Sheria ya Watoto ya mwaka 1989 inamtaka hakimu autangulize ustawi wa mtoto kabla ya jambo jengine lolote. Tangu Aprili 2014, amri mbili za zamani, ile ya mtoto akae na nani na ile ya nani aonane naye, zimeunganishwa zikawa amri moja inayoeleza mtoto ataishi na nani, atakuwa na nani siku gani, na kwa utaratibu gani. Hakimu hatafuti nani mke mwema na nani mume mwema. Anatafuta mtoto huyu atalala wapi, atasoma wapi, na vipi hatampoteza mzazi wake mmoja.

Wengi wetu tukiipokea amri hiyo tunaiona kama matokeo ya mpira: mmoja kashinda, mwengine kafungwa. Aliyeshinda anajiona kamiliki. Aliyefungwa anajiona kadhalilishwa na Wazungu mbele ya mtalaka wake. Kumbe amri ile hakuandikiwa yeye. Imeandikwa kwa ajili ya mtoto, na kila mzazi amepewa ndani yake wajibu wa kutimiza.

Na anayedhani kuwa ustawi wa mtoto ni fikra ya kigeni tuliyobandikwa huku, tunamkumbusha kuwa Sheria ya Ndoa ya Tanzania ya mwaka 1971 inasema hivyo hivyo. Kifungu chake cha 125 kinaiagiza mahakama itazame kwanza maslahi ya mtoto, kisha matakwa ya wazazi, matakwa ya mtoto mwenyewe ikiwa ana umri wa kutoa rai, na mila za jamii yake. Kinachukulia kuwa aliye chini ya miaka saba ni bora awe na mama yake, lakini dhana hiyo inaweza kupingwa kwa ushahidi. Kenya nayo, katika ibara ya 53 ya Katiba yake ya 2010, imewapa baba na mama wajibu ulio sawa kwa mtoto, wawe wameoana au hawakuoana. Hakuna sheria yetu inayosema mtoto ni wa anayewahi kumbeba.

Sasa, nini kinatokea amri ikivunjwa? Wapo wanaodhani hakitokei kitu. Wanakosea. Kila amri ya namna hii huku Uingereza imeandikwa onyo juu yake. Mzazi anayeona amri imevunjwa anaweza kurudi mahakamani kuomba itekelezwe. Mahakama inaweza kumwamuru aliyeivunja afanye kazi bila ya malipo kuanzia saa 40 hadi 200. Inaweza kumlipisha hasara, mathalan tiketi za safari zilizopotea kwa kuwa mtoto hakutolewa siku iliyoamriwa. Inaweza kumtia hatiani kwa kuidharau mahakama, na hapo kuna faini na kifungo cha hadi miaka miwili. Juu ya yote, inaweza kuibadilisha amri yenyewe, mtoto akahamia kwa yule mzazi aliyekuwa akinyimwa. Tumewasikia watu wakishangaa vipi mama kapokonywa mtoto. Mara nyengine jibu liko katika zile Ijumaa ambazo mlango haukufunguliwa.

Lakini hapa inabidi tuseme neno ambalo jamii yetu hailipendi. Kudaiwa kuvunja amri si kuvunja amri. Mzazi akisema mwenzake kavunja, hayo bado ni madai. Sheria inataka mahakama iridhike pasi na shaka ya maana kwamba amri imevunjwa kabla ya kumwadhibu mtu kwa zile saa za kazi, kipimo kile kile cha kesi za jinai. Na hata ikithibitika, mzazi ana nafasi ya kuonesha kuwa alikuwa na udhuru wa maana: mtoto alikuwa hospitali, treni zilisimama, au palikuwa na hatari ya kweli. Sisi hatungojei hayo. Mmoja akiwahi kusimulia upande wake katika kikundi cha WhatsApp, kesi imekwisha. Mwengine keshakuwa mwizi wa mtoto, au keshakuwa mama asiye na huruma, kabla hata hajaipokea barua ya mahakama.

Na hao wanaosambaza nyaraka za kesi katika vikundi hivyo wajue wanajichimbia shimo. Kesi za watoto husikilizwa faragha. Kuzitoa hadharani karatasi zake, au kulitangaza jina la mtoto aliye katika kesi, kunaweza kuwa kosa lenyewe na kumtia mtu mashakani zaidi ya yule anayemshitaki. Ndiyo maana katika tahariri hii hamtaona jina la mtu yeyote, na hamtaliona katika kurasa zetu kesho. Mtoto atakapokuwa na miaka ishirini na kulitafuta jina lake katika intaneti, asikute ugomvi wa wazazi wake unamsubiri.

Tuje kwenye safari. Pakiwa na amri inayosema mtoto anaishi na nani, hapana ruhusa ya mtu kumtoa Uingereza bila ya idhini ya maandishi ya kila mwenye haki za mzazi kwake, au ruhusa ya mahakama. Yule aliyetajwa kuwa mtoto anaishi naye anaruhusiwa kusafiri naye kwa muda usiofika mwezi mmoja, ila kama mahakama imekataza. Na Sheria ya Utekaji wa Watoto ya mwaka 1984 inamfanya mzazi anayemtoa nchini mtoto wa chini ya miaka 16 bila ya idhini inayotakiwa kuwa mhalifu anayeweza kufungwa hadi miaka saba. Ndiyo, mzazi. Baba wa damu, mama aliyemzaa. Neno "utekaji" linawachoma wengi masikioni. Watasema vipi nimteke mwanangu mwenyewe? Sheria inajibu kuwa mtoto huyo ana mzazi mwengine, na yeye mtoto ana haki kwa mzazi huyo.

Akishavuka mpaka, mambo huwa mazito zaidi, na hapa ndipo watu wetu wengi hawajui wamesimama wapi. Upo Mkataba wa Hague wa mwaka 1980 kuhusu utekaji wa watoto baina ya nchi na nchi. Zaidi ya nchi 100 zimejiunga nao. Mtoto wa chini ya miaka 16 akichukuliwa kinyume cha haki kutoka nchi moja mwanachama kwenda nyengine, na ombi likapelekwa kabla ya mwaka kupita, mahakama ya kule alikopelekwa inatakiwa imrudishe haraka. Zipo sababu za kukataa, kama vile hatari kubwa kwa mtoto, au mtoto mwenye umri na akili za kutosha kukataa mwenyewe. Mkataba huu hauamui nani apewe mtoto. Unaamua tu kuwa neno hilo liamuliwe na mahakama ya pale mtoto alipokuwa akiishi, si ya pale alipokimbiziwa.

Afrika Kusini imo. Zambia imo. Moroko na Tunisia zimo. Tanzania haimo, Kenya haimo, Uganda haimo, Oman haimo. Maana yake ni kuwa mzazi aliyebaki Uingereza na amri yake mkononi, mtoto akiwa Unguja au Mombasa, hana mlango wa moja kwa moja wa kubisha. Mahakama Kuu ya London inaweza kumweka mtoto chini ya ulinzi wake na kumwamuru mzazi amrudishe, lakini amri hiyo haijitekelezi yenyewe Mwanakwerekwe wala Kisauni. Inabidi mzazi aanze upya, atafute wakili, afungue shauri katika nchi ile, alipe, asubiri.

Na akianza upya aanzie wapi? Tanzania ni nchi moja yenye sheria mbili za mtoto. Bara kuna Sheria ya Mtoto ya 2009 na ile ya Ndoa ya 1971. Zanzibar kuna Sheria ya Watoto ya 2011, na kuna Mahakama za Kadhi kwa mambo ya ndoa na talaka ya Waislamu. Mzazi akimvusha mtoto kwa boti asubuhi moja kutoka Malindi kwenda Dar es Salaam, kavuka na sheria. Aliyefungua kesi upande huu wa maji analazimika kutazama upya upande wa pili. Anayetaka kuficha mtoto anaijua njia hiyo vizuri kuliko anayemtafuta.

Kuna watu wetu ambao hata njia hiyo ngumu wamefungiwa, nao ni wale walioikimbia nchi. Mkimbizi huku Uingereza hupewa hati ya kusafiria inayomruhusu kwenda karibu kila nchi isipokuwa ile aliyoikimbia. Mzazi wa namna hiyo, mtoto wake akipelekwa kule kule, hawezi kupanda ndege kumfuata. Hawezi kusimama mbele ya kadhi au hakimu akajieleza. Akienda anahatarisha hifadhi yake, na pengine uhuru wake. Tunawajua watu waliofukuzwa kwao na serikali, na bado watu hao hao wakanyang'anywa watoto kwa kutumia mpaka ule ule uliowafungia. Mzazi anayefanya hivyo kwa mwenzake anaazima nguvu za dola iliyomfukuza. Hatuoni jina jengine la kitendo hicho ila ukatili.

Hili linatufikisha kwenye hoja tunayoisikia mara nyingi zaidi: kwamba mahakama za huku hazituelewi, na kwamba mtu mweusi na mgeni hapati haki. Hatuidharau hoja hiyo. Wengi wetu tumetoka katika nchi ambazo tulimwona hakimu akingoja simu kabla ya kuhukumu. Tumefunzwa na maisha tusiiamini mahakama. Na huku nako wapo waliosimama mbele ya hakimu bila ya wakili, maana tangu Aprili 2013 msaada wa serikali wa kulipia mawakili umeondolewa katika kesi nyingi za wazazi wanaogombania watoto, ukabaki kwa waliothibitisha kudhulumiwa majumbani na mambo machache mengine. Mtu anahukumiwa kwa lugha anayoielewa nusu, anatoka nje hajui amekubali nini.

Lakini tujiulize kwa haki. Sisi tunaoandika kila siku kuwa watawala wetu waheshimu hukumu za mahakama hata zinapowauma, tunaolia utawala wa sheria asubuhi, tunaweza vipi jioni kumficha mtoto kwa sababu hukumu imetuuma sisi? Kiongozi anayepuuza amri ya mahakama naye ana sababu zake, na zote huziita maslahi ya taifa. Mzazi anayepuuza amri huziita zake maslahi ya mtoto. Tofauti iko wapi? Hukumu mbaya ina dawa. Inakatiwa rufaa, au inaombwa ibadilishwe pindi hali zikibadilika. Asiyeelewa lugha ana haki ya kuomba mkalimani, na aombe mapema, asione aibu. Kumchukua mtoto usiku si rufaa.

Kuna hoja ya pili, nayo ni nzito zaidi. Mama anasema: mimi nilikuwa nikipigwa, na mahakama imempa aliyekuwa akinipiga siku za kuwa na mwanangu. Hapa hatutaki kusikia mtu akimjibu mama huyo kwa methali za subira. Mwaka 2020 Wizara ya Sheria ya Uingereza yenyewe ilitoa ripoti iliyokiri kuwa mahakama za familia zilikuwa zikiyachukulia kwa wepesi madai ya unyanyasaji, na kwamba watoto waliachwa katika hatari. Sheria ya Unyanyasaji wa Majumbani ya 2021 ikaja kuongeza kinga, na inamhesabu mtoto anayeona au kusikia unyanyasaji kuwa naye ameathiriwa. Basi mwenye madai hayo ayatoe mwanzo, kwa maandishi, katika fomu iliyowekwa kwa ajili hiyo, na ayaeleze kwa maofisa wa Cafcass wanaoichunguza hali ya mtoto kwa niaba ya mahakama. Akipata ushahidi mpya arudi mahakamani siku ile ile. Akiwa katika hatari aite polisi. Jamii yetu imewafundisha wanawake kunyamaza ndoani ili nyumba isibomoke, na mama aliyenyamaza miaka kumi hushindwa kuaminiwa anaposema mara ya kwanza mbele ya hakimu. Lawama hiyo ni yetu wote, wala si ya mama peke yake.

Hoja ya tatu ni ya malezi. Mzazi anaona mwanawe anaharibika. Kuna visu mitaani, kuna bangi, skuli inamsimamisha, adabu imekwisha. Anaona dawa ni kumrejesha nyumbani akalelewe na babu yake. Hofu hiyo ni ya kweli, na wapo vijana waliookolewa kwa kupelekwa kwao. Lakini kama ni jambo zuri, kwa nini lifanywe kwa siri? Mahakama ina uwezo wa kumruhusu mzazi ahame na mtoto au ampeleke nje kwa muda. Inataka kuonyeshwa mpango: ataishi wapi, atasoma wapi, nani atamgharamia, na vipi ataendelea kuonana na mzazi anayebaki. Mzazi mwenye mpango mzuri ana la kumwambia hakimu. Asiye na mpango ila tiketi ya kwenda tu, hofu yake si ya malezi.

Hata Uingereza yenyewe mtoto akiletwa kutoka nchi isiyo katika Mkataba wa Hague, hahukumiwi kwa pasipoti. Mwaka 2005 Baraza la Malodi liliamua shauri la mtoto aliyetakiwa arudishwe Saudi Arabia, likasema kinachotazamwa ni ustawi wa mtoto yule, na mtoto akabaki. Kwa hiyo milango ya hoja ipo pande zote. Inayokosekana ni subira ya kuipitia.

Tuongeze jambo dogo ambalo limeleta ugomvi mwingi. Matumizi na kuonana ni mambo mawili mbalimbali. Mama hana ruhusa ya kumnyima baba mtoto kwa sababu hajaleta pesa za mwezi huu. Baba hana ruhusa ya kukata matumizi kwa sababu hajamwona mtoto. Kila moja lina mlango wake wa kudaiwa. Mtoto hali tiketi ya kuonana, wala haendi kwa baba yake kwa kulipiwa kiingilio.

Nini kifanyike? Kwa serikali za Tanzania na Kenya, tunataka zijiunge na Mkataba wa Hague. Hatusikii hoja kwamba ni mkataba wa Wazungu usioendana na dini wala mila. Moroko, Tunisia na Uturuki ni nchi za Waislamu na zimo. Na zote mbili, Tanzania na Kenya, zimeridhia Mkataba wa Afrika wa Haki na Ustawi wa Mtoto wa mwaka 1990. Ibara ya 19 ya mkataba huo inampa mtoto aliyetengana na mzazi haki ya kuwasiliana naye mara kwa mara, na ibara ya 29 inazitaka nchi zizuie utekaji wa watoto hata ukifanywa na wazazi wenyewe. Huo si mkataba wa Wazungu. Ni wetu, umetiwa saini na viongozi wetu.

Kama kujiunga kutachukua muda, ipo njia fupi. Mwaka 2003 majaji wa Uingereza na wa Pakistan waliandikiana mapatano ya namna ya kuheshimiana katika kesi hizi, ingawa Pakistan wakati huo haikuwamo katika Mkataba wa Hague. Miaka 13 baadaye, 2016, Pakistan ikajiunga na mkataba wenyewe. Majaji wa Dodoma, Zanzibar na Nairobi wanashindwa nini kuandikiana na wenzao wa London? Mabalozi wetu, ambao kila mwaka hutuita mikutanoni kutuhimiza tupeleke pesa nyumbani, walipeleke na jambo hili nyumbani.

Kwa mahakimu na makadhi huko nyumbani, tunaomba jambo moja. Mzazi anapokuja mbele yenu na mtoto aliyetoka Uingereza, Oman au Marekani akiomba apewe malezi, mwulizeni kama ipo amri ya mahakama nyengine, na mwulizeni mzazi wa pili yuko wapi na kama ana habari. Kusikiliza upande mmoja na kutoa hukumu kwa mtoto kunakatazwa na sheria zote mnazozitumia.

Kwa misikiti, makanisa na jumuiya zetu za huku, wekeni siku moja mumwite wakili wa familia aje awaeleze watu kwa Kiswahili amri hizi ni nini, kabla ya kuvunjika ndoa, si baada. Mkiitwa kusuluhisha, suluhisheni, lakini msimwambie mtu aiache amri ya mahakama kwa sababu wazee wameshakaa kikao. Makubaliano ya kikao yapelekwe mahakamani yaandikwe, ndipo yatamlinda kila mmoja.

Kwa mzazi mwenye amri mkononi: isome yote, mwenye kuijua lugha akusomee. Ikiwa huwezi kuitimiza siku fulani, andika ujumbe kabla, eleza sababu, toa siku nyengine ya kufidia, na uuhifadhi ujumbe huo. Ikiwa unanyimwa mtoto, andika tarehe na saa, usivunje mlango, usitukane mbele ya mtoto, nenda mahakamani. Ikiwa una dalili za kweli kwamba mtoto anataka kusafirishwa karibuni bila ya ridhaa yako, nenda polisi ueleze mara moja, kwa kuwa wanaweza kupeleka tahadhari kwenye viwanja vya ndege na bandari. Msaada wa kisheria wa serikali kwa ajili ya kuzuia mtoto asitolewe nchini haukuondolewa mwaka 2013. Mwenye kipato kidogo na aulizie.

Mwisho tunasema nanyi mlioko nyumbani: bibi, babu, ami, shangazi, khaloo. Bila ya nyinyi mtoto hafichiki. Ni katika nyumba zenu analala, ni nyinyi mnaompeleka skuli na kumwambia sheha kuwa huyu ni mjukuu wetu karudi. Hatuwatuhumu kwa ubaya. Mmefurahi kumpata, na mmeambiwa upande mmoja tu wa habari. Lakini mtoto aliyefika na begi moja, anayeuliza kila siku lini atarudi, ameshawaeleza upande wa pili. Hamna haja ya kungoja serikali zijiunge na mkataba wowote. Simu mnayo, na nambari ya mzazi aliyebaki mtoto anaijua kwa moyo. Mpeni simu hiyo usiku huu azungumze naye, kisha mkaeni na aliyemleta mumwulize: amri ya mahakama ilisemaje?